Spika za Turkana na ushauri wa akili unde

TANGU ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022, mnunuzi wa spika mjini Lodwar aweza kupata ushauri kwa simu bila kumsubiri fundi. Faida ipo. Ataelezwa upesi kwamba wati za PMPO zinazochapishwa kwa tarakimu kubwa kwenye kasha ni za kuvutia macho tu, na kwamba kipimo cha kutegemewa ni wati za RMS.

Tatizo huanza programu inapopendekeza chombo chenyewe. Isipoelezwa, huweza kudhani kuwa muulizaji ana umeme wa gridi usiku na mchana. Lodwar yenyewe ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka wa 1992, na makazi jirani ya Kalobeyei, wengi hutumia paneli za sola na betri. Kwao swali la kwanza si ukubwa wa sauti, bali betri itahimili hadi saa ngapi.

Betri ya volti 12 yenye ampea 100 kwa saa huhifadhi wati 1,200 za saa moja. Ikiwa ni ya asidi, haifai kutumiwa kupita nusu. Amplifaya inayokula wati 100 humaliza nusu hiyo kwa saa sita, kabla ya taa na simu kupata fungu lao. Inveta nayo hupunguza muda huo zaidi.

Programu hupiga hesabu hii ikiulizwa. Lakini anayejua kuiuliza hivyo amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi, na spika ikiungua, ni fundi atakayeifungua.