BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA: Sema Unavyojisikia

Mwezi huu tuweke jembe pembeni kidogo, tuzungumze juu ya maneno. Ujenzi wa bomba la mafuta ghafi, kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, umepita Handeni na Korogwe. Umeleta wageni. Vijana wengi wanataka kujua Kiingereza ili wapate kazi.

Makosa mengi hutokea mtu anapotaka kueleza anavyojisikia. Makosa hayo si ujinga. Yanatokana na kutafsiri neno kwa neno.

Kusikia na kuona

Kwa Kiswahili tunasikia baridi na tunaona aibu. Baridi haina sauti, wala aibu haina sura. Hiyo ni desturi ya lugha yetu. Lakini ukisema "I hear cold", mgeni hataelewa. Yeye husema "I am cold". Njaa ni "I am hungry". Woga ni "I am afraid". Maumivu ni "I am in pain". Usiseme "I am paining".

Kuchosha na kuchoshwa

Wengi husema "I am boring". Maana yake ni: mimi ni mtu wa kuchosha watu! Nani atakupa kazi? Sema "I am bored", yaani nimechoshwa. Vivyo hivyo, "I am frightening" maana yake ni ninatisha. Aliyetishwa husema "I am frightened". Wewe unajua tayari tofauti ya kutisha na kutishwa. Ikumbuke hiyo tu.

Pole na samahani

Sisi tuna maneno mawili. Pole ni neno la huruma. Samahani ni neno la mkosaji. Kiingereza hutumia "sorry" kwa yote mawili. Mwenzako akiumia kazini, nawe ukasema "Sorry, sorry", msimamizi mgeni anaweza kudhani wewe ndiye uliyemwumiza. Sema "I am sorry you are hurt". Hapo ataelewa kwamba unampa pole.

Nimekukumbuka

Ukimwandikia rafiki "I have remembered you", ataona kwamba ulikuwa umemsahau. Sema "I miss you".

Ukiwa mgonjwa

Hapa kosa dogo laweza kuleta hasara kubwa. Mtu aliyepulizia dawa ya wadudu bila kujikinga anaweza kudhurika. Atasikia kizunguzungu, atatokwa na jasho jingi, atatapika, au ataona ukungu machoni. Akimwambia msimamizi "I am tired", kwa sababu hajui neno jingine, ataambiwa akapumzike kivulini. Kumbe angepelekwa hospitali mara moja!

Kizunguzungu ni "I am dizzy". Kutapika ni "I am vomiting". Kuona ukungu ni "I cannot see well". Maneno yakikataa kuja, usione haya. Sema kwa Kiswahili, na mwenzako akutafsirie. Nendeni hospitali na chupa ya dawa au karatasi yake, ili mganga ajue ni sumu gani.

Ndugu msomaji, wengi wetu tulianza na Kizigua au Kisambaa nyumbani, ndipo tukajifunza Kiswahili. Hatukushindwa. Kiingereza nacho hujifunzwa hivyo hivyo, neno moja baada ya jingine. Kila lugha ina njia yake. Tafsiri maana, usitafsiri neno.

ZOEZI

1. Unasikia njaa. Utasemaje kwa Kiingereza?
2. Kuna tofauti gani kati ya "I am boring" na "I am bored"?
3. Mwenzako ameangukiwa na gogo mguuni. Utampaje pole kwa Kiingereza?
4. Umepulizia dawa shambani, kisha ukasikia kizunguzungu. Utamwambiaje msimamizi? Utakwenda hospitali na kitu gani?

Soma zoezi hili pamoja na jirani yako. Mwezi ujao tutarudi shambani.