Nani anapisha nani juu ya maji? Upepo wa kiangazi na adabu ya ziwa

Mwezi wa sita na wa saba, wakaaji wa Makomeno, hapa Lubumbashi, wanajua upepo kwa vumbi lake na baridi ya asubuhi. Mtu anafunga dirisha, mambo yanakwisha. Lakini upepo wa kusini-mashariki unavuma pia juu ya ziwa Tanganyika, na kule hakuna dirisha la kufunga. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 670 kutoka kusini mpaka kaskazini. Njo maana upepo unapata njia ndefu ya kusukuma maji, na wimbi linazidi kukomaa njiani.

Jambo hili linagusa pia Haut-Katanga. Pweto na Kilwa ziko kando ya ziwa Moero, na familia nyingi za Lubumbashi zina ndugu Kalemie ao Moba.

Saa ya kutoka

Mara nyingi asubuhi maji yametulia. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, na upepo unaanza kutoka ziwani kuja pwani. Usiku unageuka. Wakati wa mvua hatari ni nyingine: wingu jeusi linatokea nyuma ya mlima, na kwa muda mfupi ziwa linachafuka. Mvuvi mzee anatazama mlima mbele ya kutazama maji. Mwenye boti anayengojea wasafiri wengine mpaka saa sita, juu ya faida, anapoteza saa nzuri.

Mkubwa njo anapisha

Kuna mchezo wa kusimama juu ya ubao wenye tanga, ulioingia Olimpiki mwaka 1984. Wenye mchezo huo wanafundishwa kupishana, kwa sababu juu ya maji hakuna breki. Msingi ni ule wa sheria za bahari zilizopatanwa mwaka 1972:

– Mwenye mota anapisha mwenye tanga, na wote wawili wanapisha mvuvi aliyetega nyavu.
– Anayepita mwenzake kutoka nyuma, yeye njo anakaa mbali.
– Matanga mawili yakienda upande mmoja, aliye juu ya upepo anapisha aliye chini, maana huyu wa chini anakingiwa upepo.
– Boti mbili za mota zikikutana uso kwa uso, kila moja inageukia kuume.

Wazo ni moja: mwenye nguvu ya kugeuka njo anapisha asiye nayo. Ku maziwa yetu mara nyingi inakuwa kinyume. Boti ya mota inapita kwa mbio karibu na pirogi, wimbi lake linaingia ndani, na mwenye pirogi anabaki kuchota maji. Usiku ni vibaya zaidi: boti isiyo na taa haionekani katikati ya taa za wavuvi.

Adabu inaanzia bandarini

Lakini hata adabu ya kupishana haiokoi boti iliyojaa kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa mchana, karibu na nchi kavu, watu wakitazama. Siku ileile gavana wa Kivu ya Kusini alitaja watu 278 ndani ya boti na 78 waliokufa, hesabu ya muda. Hesabu za viongozi wa majimbo mawili hazikulingana, kwa sababu hakukuwa na orodha ya kweli.

Wasafiri hao hawakupenda maji kuliko barabara. Vita ilikuwa imefunga barabara ya Goma–Minova, na biashara yote ikamiminika ziwani. Pale njo shida ilipo: barabara ikifa, mwenye boti anapata wateja wengi, msafiri anakosa nguvu ya kukataa, na komiseri wa ziwa anabaki peke yake kati ya sheria na umati.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yake: kuhesabu watu, kuandika majina, kutazama kama kila mtu ana jile ya kuokoa, na kuzuia boti upepo ukianza. Msafiri naye anaweza kuuliza maswali matatu mbele ya kupanda: jile yangu iko wapi? Jina langu limeandikwa? Tunafika mbele ya giza? Jibu likikosekana, afazali kulala bandarini.