Mali bila daftari: Somo la ghala kutoka maduka ya bangi Marekani

KABLA duka halijafungua milango asubuhi, karani wa stoo katika duka la bangi mjini Denver, jimbo la Colorado nchini Marekani, huwa ameshaingia chumba cha chuma kilicho nyuma ya duka, amepima mitungi, amehesabu vipakiti na kulinganisha alichokiona na kile kilichoandikwa kwenye kompyuta. Wateja humjua zaidi muuzaji wa kaunta, anayewaeleza aina na bei. Lakini duka likifungiwa leseni au likifilisika, mara nyingi chanzo huwa ndani ya kile chumba cha nyuma.

Hapa Tanzania, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Kenya, kulima au kuuza bangi ni kosa la jinai, na makala haya hayana nia ya kumshawishi mtu ajaribu. Kinachostahili kuangaliwa ni namna zao hilo lilivyolazimishwa kutunza hesabu za ghala kwa ukali ambao mazao mengi ya halali hayajawahi kuuona. Mkulima wa korosho, kahawa au mpunga anayepeleka mzigo kwenye ghala la chama cha msingi ana mengi ya kujifunza humo, mazuri na mabaya.

Kila mche na namba yake

Wapiga kura wa Colorado waliidhinisha biashara ya bangi kwa watu wazima Novemba 2012, na maduka yakaanza kuuza Januari 1, 2014. California, iliyokuwa imeruhusu matumizi ya tiba tangu 1996, ilifuata kwa kura ya 2016 na mauzo kuanza Januari 2018. Sharti lilikuwa kwamba bangi ya halali isivujie kwenye soko la magendo, na ya magendo isipenyezwe madukani. Serikali za majimbo hayo zikachagua kuufuatilia mmea tangu ukiwa mche hadi unapofika mkononi mwa mnunuzi.

Mfumo unaotumika Colorado, California na majimbo mengine kadhaa unaitwa Metrc. Mche ukifikia kimo kilichowekwa, hufungwa lebo yenye namba yake. Ukivunwa, uzito wake mbichi huandikwa. Ukikaushwa, uzito huandikwa tena, na majani na vikonyo vinavyotupwa navyo huandikwa. Maua makavu yakitiwa mfukoni, mfuko hupewa lebo nyingine, na matokeo ya maabara hufungamanishwa na namba hiyo.

Huko Colorado lebo hizo hazikutolewa bure. Colorado ilipoanza, lebo ya mmea iliuzwa senti 45 za Marekani na ya mfuko senti 25, mbali na ada ya kila mwezi. Mkulima mwenye miche 1,000 alijikuta anatoa dola 450 kwa lebo peke yake kabla hajauza hata gramu moja. Kwa kampuni kubwa hilo ni jambo dogo, lakini kwa mkulima mdogo ni mzigo unaokula faida.

Siku ya karani wa stoo

Mzigo unapoletwa dukani, karani hupokea hati ya mzigo inayoonyesha mtumaji, dereva, gari, namba za mifuko na uzito. Huusoma mfuko mmoja mmoja, huupima, na akiridhika huupokea kwenye mfumo. Akikuta pungufu hana ruhusa ya kusema "tutamalizana baadaye", kwani akishapokea, upungufu ni wake.

Baada ya hapo huja kazi ya kugawa. Ratili moja ni gramu 453.6, na kipimo maarufu cha rejareja ni gramu 3.5, hivyo ratili moja hutoa vipakiti 129 na mabaki kidogo. Sasa tuseme mpimaji ana mkono mzito na kila kipakiti anakitia gramu 3.6. Vipakiti vitatoka 126 tu. Duka limepoteza vipakiti vitatu, na kompyuta itaonyesha kwamba zimeuzwa gramu 441, wakati gramu 12.6 hazijulikani zilipo. Hakuna aliyeiba, lakini kwa mkaguzi sura ni ileile ya wizi.

Tatizo la pili ni unyaufu. Maua ya bangi, sawa na korosho au kahawa, hupoteza maji yakikaa, hivyo mfuko ulioingia na uzito fulani hautatoka na uzito uleule. Karani mzuri hupima mara kwa mara na kuandika upungufu siku anapouona, pamoja na sababu yake. Karani mzembe husubiri mwisho wa mwezi, akutane na pengo kubwa asiloweza kulieleza. Ndiyo maana kanuni ya wenye stoo ya kutoa kwanza kilichoingia kwanza husimamiwa kwa ukali. Mfuko uliosahaulika nyuma ya rafu hupungua uzito, hupoteza harufu, na mwishowe huuzwa kwa hasara.

Hata kutupa kuna utaratibu. Bidhaa iliyoharibika haiendi jalalani hivi hivi. Sheria za Colorado na Washington ziliweka kwamba isagwe na kuchanganywa na taka nyingine hadi isitumike tena, angalau nusu ya mchanganyiko ikiwa si bangi, na uzito wake uandikwe. Kwa upande wa California, duka likigundua tofauti kubwa kati ya stoo na vitabu, hutakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya leseni na polisi ndani ya saa 24.

Kodi inayosoma stoo

Lakini polisi siyo sababu kubwa kuliko zote ya kumheshimu karani huyu. Sababu hiyo ni kodi.

Mwaka 1981 mahakama ya kodi ya Marekani ilimruhusu muuza dawa za kulevya mmoja wa Minneapolis kupunguza gharama za biashara yake kwenye hesabu ya kodi, kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Bunge likakasirika, na mwaka 1982 likapitisha kifungu 280E kinachozuia anayeuza dawa zilizo katika daraja la kwanza na la pili la sheria ya shirikisho kupunguza gharama za uendeshaji. Majimbo yaliporuhusu bangi miaka mingi baadaye, sheria ya shirikisho ilikuwa bado inaiweka daraja la kwanza, hivyo maduka yenye leseni yakanaswa na kifungu kilichotungwa kwa ajili ya wauzaji wa vichochoroni. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilipendekeza bangi ihamishiwe daraja la tatu, ambalo kifungu hicho hakiligusi.

Makali ya kifungu hicho yanaonekana kwa mfano mwepesi. Chukua duka lililouza kwa dola 1,000,000 kwa mwaka, bidhaa zilizouzwa zikiwa zimeligharimu dola 600,000. Mishahara, pango na umeme ni dola 350,000. Faida halisi ni dola 50,000. Duka la viatu lingelipa kodi ya asilimia 21 juu ya hizo 50,000, yaani dola 10,500. Duka la bangi lililobanwa na 280E hutozwa asilimia hiyohiyo juu ya dola 400,000, yaani dola 84,000. Limepata faida ya dola 50,000 likadaiwa kodi ya dola 84,000, na limemaliza mwaka likiwa na hasara ya dola 34,000.

Njia pekee ya halali iliyobaki ni gharama ya bidhaa zilizouzwa, kwa kuwa hiyo hukatwa kabla ya kupata pato. Hesabu yake ni mali ya mwanzo wa mwaka, ujumlishe manunuzi, utoe mali iliyobaki. Tuseme duka lilianza na mali ya dola 100,000, likanunua ya 620,000, na vitabu vinasema imebaki ya 120,000. Hapo ndipo tunapata zile 600,000. Lakini ikiwa bidhaa za dola 30,000 zilinyauka au zilitupwa bila kuandikwa, mali halisi ni 90,000, na gharama halisi ni 630,000. Kwa uzembe huo wa kalamu, duka litalipa kodi dola 6,300 zaidi ya inayostahili, kwa bidhaa ambazo hata hazipo.

Takwimu zilijulikana, bei ikaanguka

Pamoja na hayo, ingekuwa kosa kudhani kwamba daftari zuri ni dawa ya kila ugonjwa. Jimbo la Oregon ni ushahidi. Lilitoa leseni za kilimo bila kikomo, na kwa kuwa kila mfuko ulikuwa na namba, serikali iliweza kuhesabu kilichopo. Ripoti ya mamlaka ya jimbo ya mwaka 2019 ilionyesha uzalishaji ukiwa mara mbili ya mahitaji, na shehena iliyokuwapo ingetosha soko kwa miaka sita na nusu. Bei ya rejareja ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya dola 10 kwa gramu Oktoba 2016 hadi chini ya dola 5 Desemba 2018. Mwaka huohuo wa 2019 ndipo bunge la jimbo liliporuhusu kusimamishwa kwa leseni mpya za kilimo. Takwimu zilikuwapo muda wote, ila uamuzi ulichelewa, na waliolipa ni wakulima wadogo wasiokuwa na mtaji wa kusubiri bei ipande.

Colorado nayo imeonja. Mauzo yake yalifikia dola bilioni 2.2 mwaka 2021, kisha yakaporomoka hadi kama bilioni 1.5 mwaka 2023. Duka lililojaza stoo kwa matumaini ya 2021 liliuza akiba hiyo kwa bei ya kutupa.

Aidha, mfumo huonyesha kilichoandikwa, siyo lazima kilichomo ndani ya mfuko. California imesumbuliwa na wasambazaji wenye leseni wanaoandika vizuri kwenye kompyuta huku mzigo ukiishia magendo. Mwizi mwenye kalamu nzuri anaweza kuwa hatari kuliko asiyejua kuandika, na bila mkaguzi wa kupima mzigo wenyewe, lebo hubaki pambo.

Nyumbani inahusu nini?

Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi ghalani mwaka 2005, na mfumo ukaanza kutumika kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/08. Tangu hapo, ugomvi kati ya mkulima, chama cha msingi na mwendesha ghala umekuwa ukirudi palepale: uzito ulioingia siyo uliotoka, na mkulima ndiye anayekatwa. Unyaufu upo na hauepukiki. Kinachokosekana mara nyingi ni kumbukumbu ya lini ulitokea, kiasi gani na mzigo ukiwa mikononi mwa nani.

Hapo ndipo karani wa Denver ana la kufundisha, na halihitaji chipu wala kompyuta. Mzigo upimwe mbele ya mleta na mpokeaji, wote wawili wasaini. Kila gunia liwe na tarehe, na la zamani litoke kwanza. Hesabu ndogo kila wiki ni bora kuliko hesabu kubwa ya mwisho wa msimu. Anayepokea asiwe ndiye peke yake anayeandika. Kilichooza au kunyauka kiandikwe siku ileile, hata kama kinatia aibu.

Mwenye duka la rejareja naye anaweza kujipima leo hii. Achague bidhaa tano tu, kama sukari, mchele, mafuta ya kula, sabuni na unga, azihesabu kila jioni kwa wiki mbili na kulinganisha na mauzo. Wengi watagundua kwamba hasara yao kubwa haitokani na mwizi wa usiku, bali mkono mzito kwenye mizani, mkopo usioandikwa na kopo lililosahaulika nyuma ya rafu.

Wazee walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wamarekani wamelipia somo hilo kwa kodi, faini na maduka yaliyofungwa. Mkulima na mchuuzi wa hapa wanaweza kuanza nalo kwa bei ya daftari moja na kalamu.