Vijana Wetu Wasifukuzwe Katika Kazi ya Hataza



Kuna maneno yanayotembea mijini siku hizi, na sisi tunaozunguka matawini tunayasikia mpaka mikoani. Kijana aliyemaliza masomo ya uhandisi au ya sheria akisema anataka kujifunza kazi ya hataza, mara hutokea bwana mmoja mwenye tai akamcheka. "Kazi hiyo imekwisha," humwambia. "Akili mnemba inaifanya yote. Katafute kazi nyingine." Kijana naye hurudi nyumbani ameinamisha kichwa.

Maneno hayo ni uongo, tena uongo wa hatari, kwa kuwa nusu yake ni kweli.

Kwanza tuelewane. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili kwa muda, ambao kwa kawaida ni miaka 20, mtu mwingine asitengeneze wala asiuze uvumbuzi wake bila ruhusa. Naye hulipia haki hiyo kwa kuueleza uvumbuzi wazi, watu wote waufahamu. Wakala wa hataza ndiye anayeandika maelezo hayo, na hasa huandika madai, ambayo ni kama mipaka ya shamba. Mipaka ikipanuliwa mno, hataza hukataliwa. Ikibanwa mno, tajiri hupita kando na kuvuna jasho la mwenziwe bila kulipa hata senti.

Sasa nusu iliyo kweli. Kabla ya kuandika, sharti mtu apekue hataza za dunia nzima aone kama jambo lile halijapata kujulikana. Mwaka 2023 peke yake yaliwasilishwa maombi ya hataza zaidi ya milioni 3 na nusu duniani. Mashine hulipekua lundo la namna hiyo kwa dakika chache, hutafsiri Kichina na Kijapani, hata huandika rasimu ya kwanza ya maombi. Ofisi ya hataza ya Marekani yenyewe imewapa wachunguzi wake vyombo hivyo vya kupekulia. Anayekana haya anajidanganya.

Lakini je, kazi hiyo ya kupekua na kuandika rasimu ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya wanagenzi, na ndiyo iliyokuwa shule yao. Atakaye kuwa wakala kamili mbele ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya kule Munich, kwa kawaida sharti awe na shahada ya sayansi au ya ufundi, na awe amefanya kazi miaka mitatu chini ya mkubwa wake kabla ya kumaliza mitihani. Katika miaka hiyo husoma hataza za watu, huandika, husahihishwa kwa wino mwekundu, huandika tena. Leo wakubwa wengi wanajiuliza kwa nini wamlipe mwanagenzi mshahara na hali mashine haiombi likizo. Hapo ndipo penye hatari. Kazi haikufa, bali mlango wa kuingilia ndio unaofungwa.

Mimi nilisomea ualimu, na mwalimu yeyote analijua jambo hili: mtoto anayepewa jibu kabla ya kuhangaika na hesabu hawezi kusahihisha hesabu ya mwenziwe. Mwanasheria asiyepata kupekua mwenyewe atajuaje kwamba mashine imekosea? Na mashine hukosea, tena kwa maneno matamu. Mwaka 2023 mjini New York, katika kesi ya abiria na shirika la ndege, mawakili wawili walipeleka mahakamani hukumu zilizobuniwa na mashine, hukumu ambazo hazikupata kutolewa na jaji yeyote. Wao na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000. Mashine haikutozwa kitu, maana mashine haina jina la kuchafuka.

Sheria nayo imesema nani mwenye dhamana. Mwezi wa Aprili 2024 ofisi ya hataza ya Marekani iliwakumbusha mawakala kwamba anayetia sahihi ndiye anayejibu, hata kama maneno yameandikwa na mashine. Stephen Thaler wa Marekani alizunguka na mashine yake, DABUS, akitaka iandikwe kuwa ndiyo mvumbuzi. Tarehe 20 Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimkatalia, ikasema kwa sheria yao mvumbuzi sharti awe mtu. Mahakama za Marekani na Australia zilikuwa zimekwisha kumkatalia mwaka 2022.

Hataza hiyo alikwisha kuipata wapi? Aliipata Afrika! Mwaka 2021 Afrika Kusini iliitoa, ikiwa na jina la mashine mahali pa jina la mvumbuzi. Sababu yake si kwamba Waafrika ni wepesi wa kufikiri. Sababu ni kwamba ofisi ile, kwa utaratibu wake wa wakati ule, ilikagua makaratasi tu, haikuchunguza uvumbuzi wenyewe. Pasipo wachunguzi, kila mtu hupitisha mzigo wake. Na bado wako wanaotuambia tusiwafundishe vijana!

Ndugu zangu, sisi tulikwisha kuonja utegemezi wa namna hii. Chini ya Waingereza, mtu hakuweza kupewa hataza ya Tanganyika yenyewe. Alipaswa kwanza apewe ya Uingereza, kisha aje kuisajili hapa. Bendera ilibadilika mwaka 1961, lakini utaratibu huo ulibaki mpaka sheria yetu ya mwaka 1987 ilipoanza kutumika. Akili ilikaa London, na muhuri tu ndio uliokuwa Dar es Salaam. Je, tumetoka huko ili sasa akili ikae ndani ya mashine za makampuni ya California, sisi tubaki tena na muhuri?

Tazameni wenzetu. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza juu ya kutumia manjano kuponya vidonda, dawa ambayo kila bibi wa Kihindi anaijua. Wahindi hawakukaa kulalamika. Walipeleka maandiko ya Kisanskriti na jarida la tiba la mwaka 1953, na mwaka 1997 hataza hiyo ikafutwa. Teff, nafaka ya Ethiopia, nayo iliingizwa katika hataza ya kampuni ya Kiholanzi, mpaka mahakama ya The Hague ilipoibatilisha mwaka 2018. Mashine inajua yale iliyolishwa. Dawa za wazee wetu zisizoandikwa popote haizijui, na itasema kwa ujasiri kwamba ni jambo jipya. Atakayeipinga ni kijana anayeijua lugha ya mzee, anayeijua kemia, na anayejua kuandika madai.

Wako watakaosema kwamba mashine ni rahisi, nayo itamsaidia fundi wa Mwanza asiyeweza kumlipa wakili. Ni kweli, na aitumie. Lakini atakapoambiwa kwamba uvumbuzi wake si mpya, atamwendea nani kuuliza kama ameambiwa kweli? Na akiimwaga siri yake katika mashine ya watu kabla ya kuwasilisha maombi, nani atamwonya kwamba uvumbuzi ukitangazwa mapema waweza kukosa hataza?

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kwanza, ofisi za mawakili zinazonunua mashine zisizitumie kuwafungia wanagenzi mlango. Mwanagenzi apekue kwa akili yake kwanza, kisha apewe kazi ya mashine aikosoe mstari kwa mstari. Pili, BRELA iongezewe wachunguzi waliosoma sayansi, na mashine iwe chombo mikononi mwao. Tatu, vijana wapelekwe kwa wingi kusomea haki hizi. Nchi zetu zilianzisha umoja wao wa hataza kwa mkataba wa Lusaka wa mwaka 1976, na makao yake yako Harare. Viti vya wachunguzi pale havikuwekwa kwa ajili ya wageni. Nne, fundi aelezwe madai yake kwa Kiswahili, ajue anachotia sahihi.

Na wewe kijana, ukichekwa na bwana mwenye tai, muulize neno moja: "Mashine ikikosea, nani atasimama mbele ya jaji?" Akikosa jibu, chukua vitabu vyako uende ukasome. Kiti hicho ni chako.