Subira ya Mzazi na Mtoto Mwenye Dalili za Usonji

Si jambo geni katika kliniki za mama na mtoto za Afrika ya Mashariki kumwona mtoto akipimwa uzito, akichomwa chanjo, na kadi yake ikiandikwa kwa uangalifu. Lakini mama akieleza kwamba mwanawe wa mwaka mmoja na nusu hageuki aitwapo jina, haonyeshi kitu kwa kidole, na hukaa muda mrefu peke yake akizungusha kifuniko cha sufuria, aghalabu hupewa jibu moja tu: angoje. Huambiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema, kwamba hata baba yake alichelewa, na kwamba subira huvuta heri.

Methali hiyo ni ya kweli, ila hapa hutumiwa pasipo mahali pake. Iko subira ya kukaa na kungoja mtoto abadilike mwenyewe. Na iko subira ya kumtazama mtoto kwa makini, kumfuata pale alipo, na kumjibu kila anapojaribu kueleza jambo. Subira ya kwanza humpotezea mtoto miaka yake ya thamani. Subira ya pili hufundishika, imekwisha kupimwa kwa majaribio ya kisayansi, na yafaa afundishwe kila mzazi anayeihitaji, bila kungoja bingwa apatikane wala jina la hali ya mtoto liandikwe kwenye cheti.

KUTOKA LAWAMA HADI USHIRIKA

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi au otizimu, si maradhi ya kuambukiza, wala si laana, wala si matunda ya malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema sana maishani. Dalili zake ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu. Ya pili ni kurudiarudia matendo au mambo yale yale, kuchukia mabadiliko, au kusumbuliwa mno na sauti, mwanga au mguso ambao watu wengine hawaujali. Wako wenye usonji wasemao kwa ufasaha, na wako wasiosema kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na hali hii. Kwa hiyo shule yenye wanafunzi elfu moja haitakosa familia zinazoijua kwa karibu.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyetoa maelezo mashuhuri ya kwanza, mwaka 1943, baada ya kuwachunguza watoto 11. Miaka iliyofuata ilikuwa ya uchungu kwa wazazi. Palienea dhana kwamba watoto hao wamejikunyata ndani ya nafsi zao kwa sababu mama zao ni wakavu wa mapenzi, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichoipa dhana hiyo nguvu kubwa. Kwa kuwa mzazi alidhaniwa ndiye chanzo, iliaminika kwamba mtoto angepona kwa kutengwa naye.

Ushahidi ndio ulioivunja dhana hiyo. Tayari mwaka 1964 mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, alikuwa ameonyesha kwamba haikuwa na msingi, na kwamba chanzo kitafutwe katika maumbile ya mwili. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha wa Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, ambao hushiriki urithi mmoja, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa mapacha wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hapakuwa na hata jozi moja ya namna hiyo. Mwanafunzi wa baiolojia hatakosa kuiona maana yake: mapacha wa aina zote mbili hulelewa na mama mmoja katika nyumba moja, kinachowatofautisha ni kiasi cha urithi wanaoshiriki.

Wakati huohuo, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, Eric Schopler na wenzake walikuwa wakiwafundisha wazazi kufanya kazi bega kwa bega na wataalamu, na mwaka 1972 mpango wao ulifanywa kuwa huduma ya jimbo zima. Aliyekuwa mshtakiwa akawa mshirika.

MZAZI HUFUNDISHWA NINI?

Chukua mfano wa yule mtoto wa kifuniko cha sufuria. Mtu mzima asiyefunzwa, kwa nia njema kabisa, hukinyakua kile kifuniko, humshika mtoto kidevu na kumwamuru, “Sema mama!” Mtoto hugeuza uso au hulia, na mazungumzo yamekwisha kabla ya kuanza.

Mzazi aliyefunzwa hufanya kinyume chake. Huketi mkekani, uso wake ukilingana na wa mtoto. Hutazama kile anachotazama mtoto. Hutamka neno moja au mawili yanayolingana na jambo lenyewe: “Kinazunguka.” Kisha hunyamaza na kungoja. Kifuniko kikianguka, na mtoto akimtupia jicho hata kwa nukta moja, mzazi hulichukua jicho lile kuwa ni neno. Hukizungusha kifuniko, na kungoja tena. Siku kwa siku mtoto huanza kugundua kwamba mtu mwingine anaweza kuwa mwenzi katika jambo analolipenda. Huo ndio mzizi wa lugha, kwa maana maneno humea pale ambapo watu wawili wanakishughulikia kitu kimoja kwa pamoja.

Methali nyingine husema samaki mkunje angali mbichi, na hutajwa sana katika habari za malezi. Katika mafunzo haya, hata hivyo, anayekunjwa kwanza ni mtu mzima. Yeye ndiye anayejifunza kupunguza amri, kupunguza maswali, na kungoja.

MAJARIBIO YASEMAVYO

Maelezo mazuri si ushahidi. Mtoto hukua hata asipofundishwa, na mzazi mwenye matumaini huona maendeleo hata pasipokuwapo. Kwa sababu hiyo watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Jonathan Green walifanya jaribio katika vituo vitatu, London, Manchester na Newcastle, kwa watoto 152 wenye umri wa miaka 2 hadi karibu 5. Kwa kura, watoto 77 waliwekwa katika kundi ambalo wazazi wake walifunzwa, na 75 katika kundi lililopata huduma za kawaida tu. Kura hutumika ili ukali wa dalili au uwezo wa familia usipendelee upande mmoja. Wazazi walipigwa picha za video wakicheza na watoto wao, kisha kila mmoja aliketi na mtaalamu kuzitazama na kutafuta nyakati ambazo mtoto alijaribu kuwasiliana. Nyumbani waliombwa kufanya mazoezi ya nusu saa hivi kila siku.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalikuwa ya kiasi. Wazazi walikuwa wamebadilika sana, na watoto walianzisha mawasiliano nao zaidi. Lakini ukali wa dalili ulipopimwa na watu wasiojua mtoto yupi yuko kundi lipi, tofauti ilikuwa ndogo mno kuweza kuthibitishwa. Wengi wangeliishia hapo. Watafiti wale waliwatafuta tena watoto 121 karibu miaka sita baadaye, na mwaka 2016 wakatoa taarifa. Mwanzoni, asilimia 55 ya watoto wa wazazi waliofunzwa walikuwa katika daraja la dalili kali; sasa walikuwa asilimia 46. Katika kundi la pili, asilimia 50 ilikuwa imepanda kufikia 63. Huo haukuwa uponyaji. Watoto walibaki na usonji wao, na wasiwasi unaoandamana nao haukupungua. Hata hivyo, nusu saa ya mchezo kila siku ilikuwa imeacha alama iliyoonekana miaka mingi baadaye.

Kwa nchi zenye wataalamu wachache, habari iliyo muhimu zaidi ilitoka Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan. Huko njia hiyo ilirekebishwa na kufundishwa na wahudumu wa afya ambao si mabingwa, waliofunzwa na kusimamiwa. Familia zilizofunzwa zilipewa vikao 12 katika miezi sita. Matokeo kwa watoto 65, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba wazazi hao waliwajibu watoto wao vizuri zaidi, na watoto walianzisha mawasiliano mara nyingi zaidi. Kipimo kimoja, cha muda ambao mzazi na mtoto hushiriki jambo moja, hakikupanda bali kilishuka. Tena jaribio jingine la Uingereza, lililotolewa mwaka 2022 na kuhusisha nyumba pamoja na shule, halikupunguza dalili kuliko huduma za kawaida. Haya yatajwe waziwazi, kwa sababu mzazi aliyeahidiwa muujiza ndiye atakayekata tamaa mapema.

PINGAMIZI TATU

Pingamizi la kwanza ni kwamba mafunzo haya huirudisha lawama ya zamani kwa mlango wa nyuma: ikiwa mzazi akibadilika mtoto husaidika, je, si yeye aliyemharibu? Hoja hiyo ni mbovu. Miwani humsaidia asiyeona vizuri, lakini hakuna anayesema kwamba kukosa miwani ndiko kulikoyaharibu macho yake. Chanzo cha hali ni jambo moja. Msaada wake ni jambo jingine.

Pingamizi la pili ni kwamba watoto wengi waliochelewa kusema husema baadaye bila msaada wowote. Ni kweli. Lakini mtoto wa namna hiyo hapati hasara yoyote kwa kuchezewa na kujibiwa, ilhali mtoto mwenye usonji hupata hasara kwa kuachwa. Uamuzi wa busara, pale ambapo hakuna uhakika, ni ule ambao kosa lake halimdhuru mtu. Sharti moja lisisahauliwe: masikio yapimwe kwanza, kwa maana mtoto asiyesikia naye hageuki aitwapo jina.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Mama anayeamka alfajiri kuteka maji, akashinda shambani au sokoni, na jioni ana watoto wanne wa kulisha, ataipata wapi nusu saa ya kuketi mkekani? Tena serikali isiyotaka gharama yaweza kusema kwamba wazazi wamekwisha kufunzwa, basi mabingwa na walimu wa elimu maalumu hawahitajiki. Pingamizi hili halijibiwi kwa maneno matamu. Majaribio yenyewe yanaonyesha kwamba wahudumu wale walihitaji kufunzwa na kusimamiwa. Kumpa mzazi ujuzi ni haki yake. Kumtwika mzigo wote ni dhuluma. Nusu saa ile ni lazima igawanywe kati ya baba, bibi, shangazi na ndugu wakubwa, na nyuma yao awepo muuguzi, na nyuma ya muuguzi awepo mtaalamu.

LA KUFANYA

Njia ya kuanzia ipo. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa katika ukuaji au wenye ulemavu wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Mafunzo hayo yamejaribiwa katika nchi nyingi, Kenya na Ethiopia zikiwamo, na tangu mwaka 2022 hupatikana pia kwa njia ya intaneti. Sifa yake kubwa ni kwamba hayamdai mzazi cheti cha ugonjwa kwanza. Mtoto aliyechelewa ni mtoto aliyechelewa. Jina la hali yake laweza kufuata.

Hapana budi, basi, mambo matatu yafanyike. Kwanza, neno “ngoja” liondolewe katika kliniki, na badala yake mama apewe siku ya kurudi, kipimo cha masikio, na somo la kwanza la mchezo siku ileile. Pili, wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini wafundishwe kazi hii kwa lugha wanayoitumia na wazazi, tena wasimamiwe. Tatu, shule za sekondari zishike nafasi yake. Mwalimu wa baiolojia anayefundisha urithi anaweza kuueleza uchunguzi wa mapacha wa 1977 kwa dakika kumi, na kwa dakika hizo akaiondoa laana mabegani mwa mama wengi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aghalabu ndiye kaka au dada anayeachiwa mtoto jioni. Yeye naye anaweza kufuata, kutaja, na kungoja.

Watoto hawa hawahitaji kugeuzwa wawe kama wengine. Wanahitaji mtu wa kuwaelewa mapema, kabla hawajazoea kutojibiwa. Mtu huyo mara nyingi yumo nyumbani tayari, naye hungoja kuelekezwa tu. Kila mwezi anaoambiwa asubiri ni mwezi ambao nchi imeukataa msaada wake.