Kifaa cha afya mwilini kijue pia delestaji

Saa inayopima mapigo ya moyo haifanyi kazi peke yake. Inatuma vipimo kwa simu bila waya, mara nyingi kwa Bluetooth, na simu inaweza kuvipeleka kwa daktari au kwa mtoto aliye mbali. Ni mtandao mdogo unaovaliwa mwilini, na sifa yake kubwa ni kuzoea mahali mtu alipo.

Tuchukue mama mzee wa Makomeno. Akiwa nyumbani, kuta zinarudisha mawimbi, hivyo hata saa ikiwa mkono wa kushoto na simu mfuko wa kulia, vinasikilizana. Akitoka mahali pa wazi, hakuna ukuta wa kuyarudisha, na mwili wenye maji mengi unayameza. Hapo kifaa kizuri kinaongeza nguvu ya kutuma, kisha kinaipunguza hali ikitulia ili kisimalize betri. Wi-Fi ya jirani ikisumbua, kinahama: Bluetooth ya vifaa vidogo ina njia 37 za kupitishia data, na zile zenye vurugu zinaachwa.

Ni ufundi mzuri. Lakini mazingira yetu si kuta na mwili tu. Ni delestaji pia. Umeme ukikatika jioni na simu ikizimika usiku, saa iongeze nguvu itakavyo, hakuna wa kuipokea. Kwetu, kuzoea mazingira maana yake kwanza ni kutunza vipimo mpaka simu iwake tena.

Jambo hilo linawezekana. Kidude cha kupima sukari cha FreeStyle Libre, kinachobandikwa nyuma ya mkono, kinatunza vipimo vya saa 8. Hiyo inatosha usiku mmoja. Umeme ukikosekana siku mbili, daktari ataona pengo, na huenda ni katika pengo hilo sukari ya mgonjwa ilishuka vibaya.

Kwa hiyo hospitali zinazonunua vifaa hivi, na ndugu walio Ulaya wanaotaka kuwatumia wazazi, waulize mambo matatu kabla ya kulipa. Simu ikizimika, kifaa kinatunza vipimo kwa muda gani? Kinaweza kutoa onyo chenyewe, bila simu? Betri yake inadumu siku ngapi?

Muuzaji asiyeweza kujibu anauza kifaa cha mji ambao umeme haukatiki. Lubumbashi bado si mji huo.