Maji ya Ndiva na Maji ya Kununua

Wapo watu wanaowashauri vijana wetu hapa Lembeni kwamba, ukitaka kutunga michezo ya kompyuta, usipoteze muda na lugha ya C wala maktaba ya bure iitwayo SDL. Chukua, wasema, mtambo mkubwa wa kampuni, kila kitu kimo tayari. Mimi nasema hapana, na sababu ninazo.

Kwanza tuelewane. SDL ni mkusanyo wa kazi zilizokwisha kuandikwa: kufungua dirisha, kuchora picha, kutoa sauti, kupokea amri ya kitufe au ya kidole. Ilianzishwa na Sam Lantinga mwaka 1998. Kwa kuwa kila aina ya kompyuta ina taratibu zake, maktaba hii husimama katikati kama mkalimani. Unaandika programu mara moja, kisha unaiandaa kwa Windows, kwa Linux au kwa simu ya Android.

Sasa tazama bao letu. Mashimo 32, kete 64. Ugumu wake hauko katika picha. Uko katika kunamua, katika mtaji, na katika nyumba. Sheria hizo sharti uziandike mwenyewe, hata ukiwa na mtambo wa gharama gani. Ya nini basi kuitwisha kompyuta ya mtumba mzigo isioweza kuubeba?

Watanijibu kwamba mtambo mkubwa huokoa muda. Kwa mchezo wenye mapambo mengi, nakubali. Lakini muulizeni mpangaji habari za kodi. Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 michezo iliyovuka kiwango fulani itatozwa ada kila inapowekwa kwenye kifaa. Watungaji walipiga kelele, masharti yakalegezwa, na Septemba 2024 ada ikafutwa. Ilifutwa, ndiyo, ila kila mtu alikwisha kuona nyumba ni ya nani.

SDL je? Loki Software, kampuni alikofanya kazi Lantinga miaka ile, ilifungwa mwaka 2002. Maktaba haikufa nayo. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2013, leseni yake yakuruhusu kuitumia, kuibadili, na kuuza kazi yako bila kulipa hata senti. Yakukataza kudai kwamba wewe ndiwe uliyeibuni.

Jambo hili si geni Upareni. Ndiva za milimani zilichimbwa kwa nguvu za wengi, na maji yake hugawanywa kwa zamu. Sijasikia mkulima akiambiwa mahindi si yake kwa kuwa maji ni ya wote. Husikia akiitwa kuzibua mfereji, naye huenda.

Basi kijana na achote kwenye SDL bila haya. Akiona kasoro, aitengeneze kwa faida ya wote. Bao atakalotunga litakuwa lake, na hapatatokea wa kumtumia ankara.